Mtoto wako kaandikiwa Hb SS? Soma karatasi hiyo hivi

Mzazi mwenzangu uliyetoka maabara leo na karatasi ya mtoto, naanza na herufi zinazotuchanganya wengi: Hb. Maana yake ni himoglobini, protini iliyo ndani ya seli nyekundu za damu, inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Shida ni kwamba hospitali huziandika kwa mambo mawili tofauti. Ukiona Hb 7.4, hapo wamepima wingi wa damu. Ukiona Hb AA, AS au SS, hapo wametazama aina ya himoglobini aliyozaliwa nayo. Wingi hupanda na kushuka. Aina haibadiliki, si kwa rozela, si kwa mchicha, si kwa dawa ya mtu yeyote anayekupigia simu baada ya kusikia una mgonjwa.

Mwanangu wa pili ni SS. Ana selimundu, siko seli kama tunavyosema mtaani. Nimekaa sana kwenye benchi la kliniki yake, na kuna swali halikosi: "Dada, mimi damu yangu ni kundi A, hiyo S imetoka wapi?" Kundi la damu ni habari nyingine kabisa, hilo linahusika ukiongezewa damu. A ya kwenye AS ni himoglobini ya kawaida. S ni ile inayoifanya seli nyekundu ijipinde kama mundu oksijeni inapopungua. Seli iliyopinda huziba mishipa midogo, na hapo ndipo yanapotoka yale maumivu ya mifupa. Tena haidumu. Seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana watoto wetu wana upungufu wa damu wakati wote.

Kwa nini herufi ni mbili? Kila mtu ana kromosomu 46, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Kwenye kromosomu namba 11 kuna jeni inayoelekeza mwili namna ya kutengeneza sehemu ya himoglobini. Kwa hiyo unazo mbili, moja ya kila mzazi, na kila moja inaandikwa kwa herufi yake.

Mwenye AS ana jeni moja ya S, na tunamwita mbeba. Ni mzima. AS haigeuki kuwa SS uzeeni, wala haiambukizi. Kumbe tena ina faida: mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti wake wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba watoto wa AS wanakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hii imejaa sehemu zenye malaria ya muda mrefu, kama Kanda ya Ziwa na Pwani. Ila usichanganye: mtoto wa SS hana kinga hiyo. Malaria kwake ni hatari sana, na chandarua si jambo la hiari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa kuliko yote. Mwanangu alipogundulika, upande wa ukweni walisema, "Kwetu ugonjwa huu haupo." Maneno hayo nimeyasikia kwa akina mama wengi, na wengine wameachika kwa sababu yake. Muuguzi mmoja alituchorea miraba minne nyuma ya kadi, mume wangu akiwa pembeni yangu. Baba AS, mama AS. Mraba mmoja ukawa AA, miwili AS, mmoja SS. Ili mtoto awe SS, lazima S moja itoke kwa baba na moja kwa mama, na ukoo unaweza kuwa na wabeba vizazi na vizazi bila mgonjwa hata mmoja. Nawaomba akina baba: nendeni mkapimwe na mkeo, msimwache ajibu peke yake.

Mraba huo mmoja wa SS kati ya minne ndiyo ile asilimia 25, nayo inaeleweka vibaya. Haina maana kwamba ukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Kila mimba ni kurusha shilingi upya, haikumbuki iliyotangulia. Wapo wenye watoto watatu wote SS, na wapo wasio na hata mmoja. Mzazi mmoja akiwa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Kwa wanaotaka kuoana, sisemi msioane. Nasema pimeni mapema, mwamue mkiwa mnajua.

Kwenye vipimo, uliza umefanyiwa kipi. Kuna kipimo rahisi kinachoangalia tu kama seli zinapinda. Kikiwa chanya hakikuambii kama ni AS au SS. Kinachotofautisha AS na SS ni elektroforesisi ya himoglobini au mashine ya HPLC, vipimo vya maabara vinavyotenganisha aina za himoglobini. Na kama mtoto ameongezewa damu karibuni, sema kabla ya kutolewa sampuli, maana damu ya mchangiaji inaweza kupotosha majibu kwa miezi kama mitatu.

Bilirubini, ile rangi ya njano itokayo seli nyekundu zinapovunjika, ikiwa juu na macho ya njano mara nyingi hutokana na seli kuvunjika haraka, si lazima iwe homa ya ini. Bandama, iliyo chini ya mbavu za kushoto, jifunze kuipapasa. Mimi nilionyeshwa kliniki: mtoto analala chali, vidole vinaanzia chini tumboni vikipanda taratibu kuelekea mbavuni. Ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu inajikusanya humo. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi vilevile, usiilalie.

Penisilini ya kila siku ni kwa watoto wadogo hadi miaka 5, kuzuia maambukizi. Dawa ya haidroksiyurea inaongeza himoglobini F, ile ya kichanga, inayomkinga mtoto miezi yake ya mwanzo. Ndiyo maana wengi hawaonyeshi dalili kabla ya miezi 6. Kuponya kabisa kupo, kwa kupandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, au kwa tiba ya jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023, lakini kwa wengi wetu bado ni mbali.

Ndugu zake wapimwe pia, hata wasiougua. Majibu ya AS yaandike kwenye kadi zao na uwakabidhi wakikua, kwa sababu watayahitaji watakapotaka kuoa au kuolewa.