Maswali na Majibu: Je, ulimwengu umeshaanza kuchanika?

SWALI: Nimeona video inayosema nishati ya giza itauchana ulimwengu, na nusu saa kabla ya mwisho Dunia italipuka. Msemaji anadai kazi imeshaanza, ndiyo maana Mwezi unazidi kwenda mbali nasi. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Nusu saa hiyo haikutungwa. Mwaka 2003 wanafizikia Robert Caldwell, Marc Kamionkowski na Nevin Weinberg walipiga hesabu: ikiwa nishati ya giza, yaani kile kitu kisichoonekana kinachosukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi, inazidi kupata nguvu kadiri ulimwengu unavyotanuka, basi kwa mfano waliouchagua, mwisho ungefika baada ya miaka bilioni 22 hivi. Galaksi yetu ingesambaratika miaka milioni 60 kabla, sayari zingeachana na Jua miezi mitatu kabla, Dunia ingelipuka zikibaki dakika 30, kisha atomu zenyewe. Wenye video huikata ile "ikiwa" wakabakiza mlipuko.

Sasa huo Mwezi, ambao nimechoka kuulizwa. Ni kweli unasogea sentimita 3.8 kwa mwaka. Wanaanga wa Apollo waliacha vioo kule kuanzia 1969, na hadi leo vinapigwa leza na kupimwa mwanga unachukua muda gani kwenda na kurudi. Lakini kinachousogeza ni bahari kujaa na kupwa! Dunia hujizungusha upesi kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo tuta la maji humtangulia Mwezi kidogo, likamvuta mbele, naye akapanda njia ya juu zaidi. Dunia nayo inapunguza mwendo, siku zinarefuka kidogo kidogo. Nishati ya giza haimo kabisa. Vitu vilivyoshikwa na mvutano havitanuki pamoja na ulimwengu; hata galaksi ya Andromeda, jirani yetu, inatusogelea.

Tena vipimo havielekei huko. Matokeo ya 2024 na 2025 ya DESI, mradi wa kule Arizona, Marekani, unaochora ramani ya galaksi ili kupima ulimwengu unavyotanuka, yanadokeza, bila kuthibitisha, kwamba nishati hiyo huenda inapungua nguvu. Mwisho unaotajwa zaidi na wataalamu ni baridi: nyota kuzimika moja moja, giza likatanda. Na kabla ya hapo, baada ya miaka bilioni moja hivi, Jua litakuwa limeshazikausha bahari zetu.

Kwa hiyo akija mtu na tarehe ya mwisho wa ulimwengu, mwulize ameipata kwa kipimo gani na darubini ipi. Wengi nilionao kwenye simu yangu hujibu kwa namba ya kutuma mchango.