Maswali Yenu Kuhusu Mtihani wa Cheti cha Usalama wa Mtandao

Barua za safari hii zimetoka kwa watu walio katika hatua tofauti. Wengine hawajachagua mtihani, wengine wameshalipia, na mmoja amefeli juzi na bado ana uchungu. Nimezipanga kwa mwendo huo. Mtaona narudia jambo moja mara kadhaa, na narudia kwa makusudi: mitihani hii inapima uamuzi wako mbele ya tatizo kuliko inavyopima kumbukumbu yako.

Shikamoo mwalimu. Nina mwaka mmoja kazini, nahudumia watumiaji wa kompyuta wanapokwama. Rafiki yangu ananiambia niende moja kwa moja kwenye CISSP kwa sababu ndiyo inayotajwa sana kwenye matangazo ya kazi. Nimsikilize?

Marahaba. Kwa sasa usimsikilize. CISSP ni cheti cha wataalamu wazoefu wa usalama kinachotolewa na shirika la ISC2, na kuipata kunadai uzoefu wa kazi wa miaka 5 katika angalau maeneo 2 kati ya 8 yanayotahiniwa. Shahada au cheti kinachokubalika kitakupunguzia mwaka 1 tu. Unaruhusiwa kufanya mtihani kabla ya kutimiza uzoefu huo, na ukifaulu unapewa miaka 6 ya kuutafuta ukiwa mshirika, lakini katika muda huo huruhusiwi kujiita mwenye CISSP. Tena maswali yake yanamlenga mtu aliyewahi kushughulika na sera, bajeti na watu. Utayasoma na kuona majibu yote manne yako sawa.

Kwa hapo ulipo, anza na Security+, cheti cha ngazi ya kuanzia cha CompTIA. Hakuna sharti la uzoefu, ingawa wenyewe wanapendekeza uwe umefanya kazi kwa muda na unaujua mtandao wa kompyuta. Nami nakazia hilo la mtandao. Mtu asiyejua anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) ni nini, au DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani hizo) inafanya kazi gani, atakariri mashambulizi bila kuelewa yanapita wapi. Kama ndoto yako ni kupenya mifumo kwa kibali cha wenyewe ili kuonyesha udhaifu wake, huko mbele kuna OSCP ya OffSec, ambayo ni vitendo vitupu: saa 23 na dakika 45 za kushambulia mashine, kisha saa 24 za kuandika ripoti. Hiyo iache kwanza.

Nimesoma kitabu chote na kutazama video zote za Security+, lakini kwenye mitihani ya majaribio siendi zaidi ya asilimia 60. Nisome tena kuanzia mwanzo?

Usianze upya. Ukirudia kusoma yale yale, utayazoea macho tu, na kuyazoea kunaleta hisia ya kujua. Badilisha namna ya kusoma.

Chukua swali la aina hii. Mfanyakazi anapiga simu: mafaili yake yamebadilika majina, hayafunguki, na kwenye skrini kuna ujumbe unaodai malipo. Ufanye nini kwanza? Majibu ni haya: kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala rudufu, kuitenga kompyuta na mtandao, kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya, kuitisha kikao cha tathmini.

Jibu ni kuitenga. Lakini ukiishia hapo umepata robo tu ya faida ya swali hilo. Endelea kujiuliza, kwa nini yale mengine si sahihi? Nakala rudufu ni sahihi, ila ukiirudisha wakati programu hasidi bado inatembea kwenye mtandao, nayo itasimbwa, yaani itageuzwa isisomeke bila ufunguo. Kufuta na kuweka mfumo upya ni sahihi, ila kabla ya hapo unatakiwa uwe umezuia uenezi, na ukifuta mapema unapoteza ushahidi. Kikao cha tathmini ni sahihi, ila hufanyika mwisho. Kila jibu lina hatua yake: maandalizi, kugundua, kuchambua, kuzuia uenezi, kuondoa chanzo, kurejesha huduma, kujifunza. Neno lililoamua ni "kwanza". Maneno kama hayo, "kwanza", "bora zaidi", "kwa gharama ndogo", yasome mara mbili kabla hujatazama majibu.

Basi kwa kila swali la majaribio, hata lile ulilolipata, andika kwenye daftari sentensi moja kwa kila jibu lisilo sahihi: lingekuwa sahihi katika hali gani? Kazi hii inachosha. Maswali 20 yanaweza kukumalizia jioni nzima. Lakini ndiyo inayopandisha alama, maana maswali 200 yaliyokimbizwa yatakuachia idadi tu ya uliyokosa.

Jambo la pili, gawa muda wako kwa uzito wa maeneo. Kwenye toleo la SY0-701, uendeshaji wa usalama una asilimia 28, vitisho na udhaifu 22, usimamizi wa mpango wa usalama 20, usanifu 18, na dhana za jumla 12. Watu wengi hukwama wiki nzima kwenye dhana za jumla kwa sababu ziko ukurasa wa kwanza, wakafika kwenye uendeshaji wakiwa wamechoka. Eneo la usimamizi nalo hudharauliwa kwa kuwa halina "uhandisi" ndani yake. Sera, mikataba na wauzaji wa nje, na ukaguzi: humo mna alama moja kati ya kila tano.

Nachanganya funguo za usimbaji. Wa siri, wa umma, nani anatumia upi?

Jiulize unataka nini. Unataka ujumbe asome mtu mmoja tu? Usimbe kwa ufunguo wa umma wa mpokeaji, kwa kuwa ni yeye peke yake mwenye ufunguo wa siri wa kuufungua. Unataka kuthibitisha kwamba ujumbe umetoka kwako? Utie sahihi kwa ufunguo wako wa siri, na yeyote mwenye ufunguo wako wa umma ataihakiki. Heshi, alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data, haina ufunguo wowote wala hairudi nyuma. Kazi yake ni kuonyesha kama data imebadilika.

Maswali ya vitendo yananitisha kuliko yote. Nitayaandaaje nyumbani bila vifaa?

Unavyo, maadamu una kompyuta. Weka VirtualBox, ambayo ni ya bure, kisha utengeneze mashine pepe mbili za Linux (kompyuta zinazoendeshwa ndani ya kompyuta yako) zinazowasiliana. Kwenye mojawapo weka Wireshark, programu ya kunasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni), nayo ni ya bure. Ingia kwenye mashine ya pili kwa Telnet, njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali bila usimbaji, huku Wireshark ikinasa, halafu fungua ulichonasa: utaliona nenosiri lako, herufi kwa herufi, likiwa wazi kabisa. Rudia kwa SSH, njia inayosimba, na utaona vurugu ya herufi zisizosomeka. Kuanzia siku hiyo hutahitaji kukariri kwa nini poti 23 (mlango wa Telnet) hufungwa na 22 (mlango wa SSH) ikatumika badala yake.

Swali linalopendwa sana ni la fayawoli, kichujio cha mawasiliano ya mtandao. Tuseme seva ya tovuti inatakiwa ipokee wageni wote kwenye poti 443, na msimamizi peke yake, mwenye anwani 10.0.5.20, aingie kwenye poti 22. Kanuni zitakuwa tatu: ruhusu wote kwenye 443, ruhusu 10.0.5.20 kwenye 22, kataa kila kitu kingine. Fayawoli husoma kutoka juu kwenda chini na kusimama kwenye kanuni ya kwanza inayolingana. Ukiiweka "kataa" juu, umefunga seva nzima. Ukiandika "wote" kwenye mstari wa pili, umemfungulia kila mdukuzi mlango wa msimamizi. Jizoeze kuandika kanuni hizi kwa mkono, kisha uzijaribu kwenye zile mashine zako pepe.

Siku ya mtihani wa Security+, maswali haya mara nyingi huja mwanzoni. Yatie alama, yaruke, uyarudie baada ya maswali ya kuchagua. Una dakika 90 kwa maswali yasiyozidi 90, na anayepoteza dakika 25 kwenye swali la kwanza ataumia mwishoni.

Hesabu za hatari tafadhali, kwa kifupi.

Seva ina thamani ya dola 20,000. Mafuriko yakiingia yataharibu asilimia 25 yake, kwa hiyo hasara ya tukio moja ni 5,000. Mafuriko hutokea mara moja kila miaka 2, yaani 0.5 kwa mwaka, kwa hiyo hasara ya mwaka ni 2,500. Kinga ya dola 4,000 kwa mwaka hailipi. Kinga ya 1,000 inayoshusha uwezekano hadi 0.1 inaifanya hasara ya mwaka iwe 500: umeokoa 2,000 kwa kutoa 1,000. Hiyo nunua.

Kuna mtu ananiuzia faili la maswali halisi ya mtihani. Anasema kila mtu analitumia.

Usilinunue, na kama ameshakutumia, lifute. Kabla ya mtihani unakubali masharti yanayokataza jambo hilo waziwazi, na cheti kinaweza kufutwa hata baada ya kufaulu. Majibu ya mafaili hayo pia mara nyingi si sahihi, kwa hiyo unalipa ili upotoshwe. Lakini kwangu sababu kubwa ni nyingine. Kazi unayoiomba ni ya kuaminiwa: kumbukumbu za wagonjwa, mishahara ya watu, siri za ofisi. Atakayekuajiri atakuamini kwa sababu ya karatasi hiyo, na usiku mfumo utakaposhambuliwa, faili la maswali halitakuambia la kufanya. Sina namna ya kulilainisha hili.

Nilikuwa nafanya CISSP, mtihani ukakatika kwenye swali la 100. Niliondoka nikitetemeka. Hiyo ni dalili ya kufeli?

Pole kwa mshtuko huo. Mtihani huo hubadilika kulingana na majibu yako. Una maswali 100 hadi 150 ndani ya saa 3, na kuanzia la 100 kompyuta husimama pale inapokuwa na uhakika wa kutosha kuhusu matokeo, uwe umefaulu au umefeli. Kusimama mapema hakusemi upande upi. Na kwa atakayekuja nyuma yako: humo huwezi kurudi kwenye swali lililopita, na maswali 25 ni ya majaribio yasiyohesabiwa, bila wewe kujua ni yapi. Ukikutana na swali la ajabu usilibebe moyoni hadi linalofuata. Lijibu, uliache.

Nifanyie nyumbani au kituoni?

Kituoni, ikiwa unaweza kufika. Nyumbani utatakiwa uwe na chumba kitupu, meza isiyo na karatasi, kamera ikuone muda wote. Kusoma swali kwa sauti au kutoka kwenye kamera kunaweza kusitisha mtihani, na mtu akiingia chumbani vivyo hivyo. Umeme au intaneti ikikatika, mzigo ni wako. Popote utakapofanyia, hakikisha jina ulilojisajilia linalingana na la kitambulisho chako, herufi kwa herufi.

Nimepata 731 kwenye Security+, na ya kufaulu ni 750. Nimekata tamaa, naona kama nimepoteza kila kitu.

Pole sana, inauma. Ila angalia ulichonacho. Kipimo ni 100 hadi 900, si asilimia, na wewe uko karibu mno. Ripoti yako ya matokeo imeorodhesha malengo uliyokosea, na huo ndio mtaala wako kuanzia leo. CompTIA haikulazimishi kusubiri kabla ya jaribio la pili (kabla ya la tatu ni siku 14), lakini vocha ya mtihani utailipia upya, kwa hiyo usirudi kesho kwa hasira. Fanyia kazi malengo hayo moja moja, kwa lile daftari la majibu yasiyo sahihi nililolieleza juu, na weka tarehe pale utakapoweza kumweleza mtu mwingine kila mojawapo bila kutazama.

Nimefaulu Security+! Cheti kinakaa muda gani?

Hongera sana! Miaka 3. Ndani ya muda huo unakihuisha kwa kukusanya alama 50 za mafunzo endelevu na kulipa ada zake, au kwa kufaulu mtihani wa juu zaidi wa CompTIA kama CySA+. Kila mafunzo utakayohudhuria, hifadhi ushahidi wake siku hiyo hiyo, maana huwa wanakagua.