Jibu: Kwa nini nambari ya kimataifa ya bure inakata salio ukipiga kutoka Nairobi

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini laini yako ya kawaida ilikuambia kwamba nambari ile ya +800 iliyochapishwa kwenye karatasi yako ya bima ya safari haipo. Na pili, kwa nini laini uliyoazima kwa rafiki iliunganisha simu lakini ikala salio lote kabla hujazungumza na mtu, ilhali karatasi inasema simu ni ya bure. Nimefanya kazi miaka mingi katika afisi ya uwakala wa safari hapa katikati ya jiji, na kuwapigia simu watu wa bima, mashirika ya ndege na mahoteli ya nje kwa niaba ya wateja ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku, kwa hivyo niwie radhi nikijibu kwa urefu.

Hakuna simu isiyolipiwa. Katika simu ya kawaida anayelipa ni anayepiga, na katika nambari za namna hii mwenye nambari ndiye anayekubali kubeba gharama badala yake. Kukubali huko ni mkataba, na mkataba huo unahusu nchi fulani na mitandao fulani tu. Marekani walianza nambari zao za 800 mwaka 1967 kwa ajili ya simu za ndani ya nchi. Miaka ya tisini, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lenye makao yake Geneva, likatenga msimbo 800 kana kwamba ni nchi inayojitegemea, ukifuatwa na tarakimu nane, ili kampuni iweze kutumia nambari moja duniani kote. Kazi ya ITU hapo ni kugawa nambari na kuweka kumbukumbu ya mwenyewe. Hailazimishi mtandao wa nchi yoyote kuipokea. Kampuni yenyewe, kupitia mtandao unaoihudumia, inapaswa kupanga na kulipia njia ya kufikiwa kutoka kila nchi inayoitaka, na kampuni ya bima ambayo wateja wake wengi wako Ulaya huona inatosha kulipia Ujerumani, Ufaransa na jirani zao, ikaiacha Kenya nje.

Hapo ndipo yaliyokupata yanapoeleweka. Mtandao usio na mpango wowote na mwenye nambari hauna pa kuipeleka simu yako, na sauti iliyorekodiwa inakuambia nambari haipo. Mtandao mwingine huipitisha kwa kampuni ya nje, hutozwa gharama ya njia hiyo, nao hukutoza wewe kama simu yoyote ya kimataifa. Hata penye mpango, si ajabu kukuta umefanywa na simu za mezani tu. Uingereza kwenyewe, hadi tarehe 1 Julai 2015, mwenye simu ya rununu aliweza kutozwa akipiga nambari ya 0800 ya nchini mwake, mpaka msimamizi wa mawasiliano wa huko, Ofcom, alipoamuru kwamba bure iwe bure kwa rununu pia. Kama wenyewe walitozwa nyumbani kwao, wewe uliye Umoja au Kasarani usishangae.

Kuna mambo watu huyachanganya, na naomba tuyatenganishe. Nambari ya 0800 ya Kenya ni ya hapa nchini. Nambari inayoanza na +1 800 au +44 800 ni ya bure kwa watu wa Marekani au Uingereza, na ukiipiga kutoka hapa ama haipatikani ama unalipia kama simu ya nchi hiyo. Inayoanza na +800 pekee, isiyo na msimbo wa nchi mbele yake, ndiyo ya kimataifa. Angalia pia namna ilivyochapwa: karatasi za Ulaya huandika 00800, kwa sababu kwao sufuri mbili ndizo zinazofungua simu za nje, ilhali kwetu ni sufuri tatu. Kwenye rununu weka alama ya kujumlisha na utakuwa umeepuka tatizo hilo. Na kaa macho: +808 ni nambari ambayo mpigaji hulipa sehemu ya gharama, na +979 ni ya huduma za bei ya juu. Ukikuta simu iliyokukosa kutoka nambari kama hiyo ya mwisho, usiirudie.

Sasa kuhusu salio kuisha kabla ya kuzungumza. Simu huanza kuhesabiwa pale upande wa pili unapoipokea, na anayeipokea huko ni mashine. Inakusalimu kwa lugha tatu, inakutaka ubonyeze moja kwa madai na mbili kwa matibabu, halafu inakuwekea muziki na kukuambia kwamba simu yako ni muhimu kwao. Muda wote huo unalipa dakika za kimataifa. Vifurushi navyo havisaidii sana, kwa kuwa vile vya simu za nje hutaja nchi zinazohusika, na +800 haimo katika nchi yoyote.

Namkumbuka mama mmoja aliyekuja afisini kwetu akiwa na karatasi kama yako. Kijana wake alikuwa amelazwa hospitalini Ufaransa, na alikuwa amekwangua kadi za simu moja baada ya nyingine akisikiliza muziki ule, mpaka hela za matumizi ya nyumbani zikaisha. Tuligeuza karatasi, na nyuma, kwa herufi ndogo mno, palikuwa na nambari ya kawaida inayoanza na +33. Nikapiga, nikampa aliyepokea nambari ya bima, jina la mgonjwa na nambari ya simu ya mama, kisha nikamwomba atupigie yeye. Haikupita muda mrefu simu ya mama ikaita, na akazungumza nao kwa utulivu kadiri alivyotaka, kwa sababu simu inayoingia ukiwa hapa nchini haikukati hata senti. Niliumia sana kuona kwamba njia hiyo ilikuwa imefichwa nyuma ya karatasi huku neno bure likiwa mbele kwa wino mzito.

Kwa hivyo ushauri wangu ni utafute kwanza nambari ya kawaida, ile yenye msimbo wa nchi na wa mji. Mara nyingi iko sehemu iliyoandikwa kwa ajili ya wanaopiga kutoka nje, au kwenye tovuti, na bei yake unaweza kuijua kabla. Ukiwauliza wahudumu wa mtandao wako, usiwaulize kama nambari ni ya bure, maana watakusomea jibu la jumla. Waulize dakika moja kwenda +800 ni shilingi ngapi. Kama huna budi kuipiga, weka salio dogo tu kwenye laini hiyo, na usiipige kwa laini ya malipo ya baadaye, ambayo haina kikomo cha kukuzuia. Na ukiwa safarini na laini ya Kenya, nambari ya bure ya nchi uliyomo inaweza kukutoza bei ya mgeni.

Je, uliibiwa? Kwa maoni yangu mtandao una haki ya kudai gharama ya njia, lakini hauna haki ya kukutoza bila kukutangazia bei mahali ambapo karatasi imesema bure. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa mawasiliano za mwaka 2010 zinakupa haki ya kujua bei ya huduma. Andika malalamiko kwa mtandao kwanza, taja tarehe, saa na kiasi kilichokatwa, uhifadhi nambari ya malalamiko, na wasipokujibu nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano, pale Waiyaki Way.

Dai lako la bima lisisubiri hayo yaishe. Watumie barua pepe leo, uweke nambari ya bima na nambari yako ikianza na +254, uwaombe wakupigie. Taja saa zako kwa majira ya Nairobi na uyaandike wazi kwamba ni ya Nairobi, kwani saa tano asubuhi yetu ni saa tatu asubuhi Paris wakati wa baridi, na wakati wa kiangazi tunawatangulia kwa saa moja tu.