Namba 510,510, kwa mnaoanza kufundisha tuisheni Kigoma

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita na sasa mnafungua tuisheni Mwanga, Gungu au Ujiji, msianze somo la vigawo na 12 na 18. Watoto walishazichoka tangu msingi. Mimi huandika 510,510 ubaoni, simu zikawekwa pembeni, nikauliza nani ataivunja.

Watakaowahi watasema 2 na 5, kwa kuwa inaishia na sifuri. Jumla ya tarakimu ni 12, basi na 3 imo. Wakifika 7 wanakwama. Waambie waikate tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 510 na 510. Toa moja kwenye nyingine, inabaki 0. Tofauti hiyo ikigawanyika kwa 7, 11 au 13, namba nzima nayo inagawanyika, maana 7 × 11 × 13 ni 1,001, na 510 × 1,001 ndiyo namba yetu. Hiyo 510 ni 2 × 3 × 5 × 17. Kwa hiyo namba tasa saba za kwanza zote zimo, kila moja mara moja tu. Ukiunda kigawo, kila mojawapo ama unaichukua ama unaiacha. 2 kwa kipeo cha 7 ni 128, na hiyo ndiyo idadi ya vigawo vyake.

Sasa ongeza 1, na hapa msiwe na haraka. Ukiigawa 510,511 kwa yoyote kati ya zile saba, inabaki 1. Atatokea mjanja aseme basi hiyo ni namba tasa. Ana haki ya kudhani hivyo: 2 + 1, 2 × 3 + 1, na kuendelea, zinatoa 3, 7, 31, 211 na 2,311, zote tasa. Inayofuata ni 30,031, nayo ni 59 × 509. Yetu ni 19 × 97 × 277. Euclid, aliyethibitisha kuwa namba tasa hazina mwisho, hakuhitaji jumla hiyo iwe tasa; ilimtosha kwamba vigawo vyake tasa vyote ni vipya. Vitabu vingi vya mitihani hupita hapa mbiombio.

Wakitaka mchezo, 510,510 pia ni 714 × 715. Vigawo tasa vya 714 ni 2, 3, 7 na 17. Vya 715 ni 5, 11 na 13. Jumla ni 29 pande zote. Wamarekani waliligundua hili mwaka 1974, Hank Aaron alipopiga home run ya 715 na kuivuka rekodi ya Babe Ruth ya 714 katika besiboli.

Na tafadhali, si kila swali lazima liwe na samaki wetu, migebuka ya Kibirizi, ndani yake. Namba hii inajitosha.

Kazi ya nyumbani wapeni 510,509. Ni 61 × 8,369, ila msiwaambie.