Aanze na kuwinda au mbuga?

SWALI: Habari za kazi mhariri, nina mgeni anakuja kuwinda nyati kwenye kitalu kimoja cha uwindaji kule Pori la Akiba la Selous, anakuja na mkewe ambae hataki kabisa kuona mnyama anapigwa risasi, sasa wanataka kuongeza siku za kutembelea mbuga, waanze na lipi?

JIBU: Waanze na kuwinda ndugu yangu. Nyati hana ratiba, mnaweza kufuata nyayo toka alfajiri, upepo ukageuka kidogo tu kundi zima likatimka, kesho mnaanza upya, sasa mkianza kwa kumaliza siku mbugani jamaa atawinda roho juu. Baada ya hapo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere iko jirani, ilimegwa hukohuko Selous mwaka 2019, na hapo ndo mama atafurahi, maana twiga na tembo wamezoea magari, kitaluni mnyama akisikia injini kashapotea. Na boti ya mto Rufiji wasikose, viboko na mamba kibao.

Ila bunduki isiingie hifadhini, muulize mapema mwenye kampuni ya uwindaji ataitunza wapi na akujibu kwa maandishi, sio kwa simu. Vibali navyo ni mbalimbali, vitalu viko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, hifadhi za taifa ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa hiyo cha kuwindia hakimwingizi mtu getini. Wakitamani kuvuka Kenya pia sawa, ila kule ni kamera tu, uwindaji ulipigwa marufuku 1977.