Vigelegele vya shangazi na sauti ya mzee: kupandisha sauti hafifu kwenye video

Siku ya tatu baada ya kuwakabidhi flashi, mama wa bibi harusi alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo. "Mwanangu, picha nzuri, hatuna neno. Ila mbona mzee haongei? Tunamwona anachezesha midomo tu."

Ilikuwa sendofu, kwenye ukumbi mmoja wa Tanga. Mzee alisimama kutoa nasaha, maiki ya ukumbini kaishika usawa wa tumbo kama kashika tochi, feni za dari zinazunguka, na mimi na kamera yangu tuko nyuma kabisa. Sikuwa na maiki ya pembeni, nilitegemea ile iliyokuja na kamera. Dakika 11 za nasaha, na baba wa watu huwezi kumwambia arudie.

Nilipofungua kazi upya nilifanya kile anachofanya kila mtu: nikaushika mstari wa sauti kwenye programu ya kuhariri, nikauvuta juu mpaka ukagoma. Mzee akasikika, ndiyo. Lakini feni nazo zikaja juu utadhani ndege inatua, na kulikuwa na shangazi mmoja meza ya mbele, kila baada ya sentensi mbili anapiga kigelegele. Hicho ndicho kilichokuwa kinapasua spika.

Nikaitoa sauti, nikaihamishia Audacity, programu ya bure. Huko nikabonyeza Amplify, amri ya kupandisha sauti, nikitegemea itanipa hata desibeli 20 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti). Ikanipa 2. Nilidhani imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Kwenye sauti ya kidijitali dari ni sifuri, na vyote vilivyo chini yake vinahesabiwa kwa namba hasi. Ukisukuma kitu kipite dari, kichwa cha wimbi kinakatwa, na huko kukatwa ndiko tunakokusikia kama mkwaruzo. Sasa Amplify inatazama kilele kirefu kuliko vyote, halafu inakupa nafasi iliyobaki kati yake na dari. Mzee alikuwa anacheza kwenye -32. Shangazi alikuwa -2. Programu haijui nani ni mgeni rasmi. Imeona kuna desibeli 2 zimebaki, ikanipa 2. Normalize, amri nyingine ya kupandisha sauti, nayo ndivyo inavyofanya, kwa hiyo kuhamia huko hakukusaidii kitu.

Kwa hiyo kazi ilikuwa kwa shangazi kabla ya kufika kwa mzee. Vigelegele vinaonekana kwa macho kwenye mchoro wa sauti, vimesimama kama minazi katikati ya majani. Nilivihesabu vikafika 23. Nikawa nachagua kimoja kimoja, nakishusha desibeli 18, naendelea na kingine. Jioni nzima iliishia hapo.

Najua kuna atakayesema si ungetumia kompresa, ambayo inashusha vilele vyenyewe? Nilijaribu. Tofauti ikiwa desibeli 30, kompresa inabidi ibane kwa nguvu sana, na kila inapoachia baada ya kigelegele, sauti ya feni inavimba, inashuka, inavimba tena, kama mtu mwenye pumu kakaa nyuma ya mzee. Vikubwa shusha kwa mkono, halafu kompresa iachie kazi ndogo ndogo ya kusawazisha. Mimi huiweka 3 kwa 1, yaani kila desibeli 3 zinazozidi mpaka inapitisha 1, sipiti hapo kwa maneno ya mtu.

Lakini kabla ya kompresa safisha kelele. Hili nililikosea mara ya kwanza. Kifaa cha kuondoa kelele kinataka kwanza ukisikilizishe kelele tupu: tafuta sekunde mbili ambazo hakuna anayeongea (mimi nilizipata pale mzee anapovaa miwani), zichague, kiambie kijifunze hapo, kisha chagua rekodi yote kiisafishe. Ukitanguliza kompresa, kelele inakuwa inapanda na kushuka, na kelele ambayo kifaa kimejifunza haifanani tena na iliyopo. Kuna namba ya desibeli za kelele za kupunguza. Mimi naiweka 6 au 8, kwa sababu ukizidisha, mzee atasikika kama anaongea akiwa ndani ya pipa la maji. Feni kidogo zibaki. Mtu wa Tanga akisikia feni hashangai. Na ile mingurumo ya chini kabisa, ya jenereta na miguu ya meza, ikate kuanzia hezi 80 kushuka. Maneno ya mtu hayategemei huko.

Baada ya yote hayo kilele cha juu kabisa kilikuwa karibu -21. Nikapandisha 20, nikaacha 1 ya akiba. Mzee kutoka -32 akafika -12, na spika ya simu ikambeba bila kukwaruza.

Si kila rekodi inahitaji mateso haya. Kama yote iko chini kwa usawa, mfano darasa au mahojiano ya watu wawili, na una FFmpeg kwenye kompyuta (programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri), mstari mmoja unatosha:

ffmpeg -i kazi.mp4 -c:v copy -af volume=10dB kazi2.mp4

Picha haiguswi, sauti tu ndiyo inafanyiwa kazi, kwa hiyo hata faili la saa mbili halikuweki sana. Desibeli 10 sikioni ni kama sauti imeongezeka maradufu. Na kabla hujapandisha chochote, vaa hedifoni: mara nyingine sauti "ndogo" ni sauti iliyoingia sikio moja tu, na dawa yake ni kuifanya iwe mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili.

Wengine wanasema YouTube itarekebisha yenyewe. YouTube inashusha zilizozidi, kwenye kiwango cha kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Urekebishaji wake wa kawaida haupandishi zilizo chini. Ukipeleka mnong'ono, utachezwa mnong'ono.

Siku hizi naenda na simu yangu ya zamani. Naiwasha irekodi, naiweka hali ya ndegeni, namwomba mzee aitie mfuko wa juu wa koti, napiga kofi moja mbele ya kamera ili baadaye nilinganishe sauti na picha. Umbali ndio mwizi: mahali pa wazi, kila unapoongezeka maradufu unapoteza desibeli 6, kwa hiyo kutoka mita 1 hadi mita 8 zimeondoka 18. Ukumbini mwangwi unarudisha kidogo, lakini unarudisha matope. DJ naye akikubali kukupa waya kutoka kwenye mikisa yake, mshukuru, hata kwa soda.

Flashi ya pili niliipeleka mwenyewe. Usiku mama akapiga: mzee anasikika mpaka anavyomeza mate, Mungu akubariki mwanangu. Nikasikia simu inanyang'anywa.

"We kijana, shikamoo yako nimeshaipokea. Vigelegele vyangu umevipeleka wapi?"