Muulize Bibi: Mtoto anatema uji, mama mkwe anataka abanwe pua

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina mtoto wa kiume wa miezi minane. Nilimnyonyesha maziwa yangu tu mpaka alipotimiza miezi sita, kama tulivyofundishwa kliniki. Tangu nimwanzishie uji wa lishe nyumbani ni vita. Vijiko viwili vya kwanza anameza, cha tatu anatema, cha nne anageuza shingo na kupiga kibakuli. Mimi naondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi dukani Kariakoo, narudi usiku. Mchana anabaki na dada wa kazi na mama mkwe. Mama mkwe anasema kwao mtoto wa hivi analazwa mapajani, anabanwa pua, uji unapita. Anasema pia nisimpe yai, atachelewa kusema. Nimebadilisha unga mpaka nimechoka. Sasa natumia wa nafaka saba wenye karanga na soya, na naongeza sukari ili aupende. Sioni tofauti. Huyu mtoto anachagua chakula kuliko baba yake. Nifanyeje?
Mama wa Mbagala Kizuiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na pua, maana hilo si la kungoja. Mtoto akibanwa pua hufungua kinywa ili avute pumzi, si ili ale. Uji uliomo kinywani unaifuata pumzi hiyo na unaweza kuishia mapafuni. Miaka niliyofanya kazi kliniki nimepokea watoto waliotoka kunyweshwa hivyo, wanahema mbavu zinaingia ndani, na bibi aliyewaleta analia kuliko mama. Hawakuwa watu wabaya wale, walifanya walivyofanyiwa wao. Ila ikome leo. Kabla hujaendelea kusoma, mpigie dada simu.

Umepiga? Haya, sasa tuitazame kadi ya kliniki. Umeniandikia mengi lakini uzito wa mtoto hukuutaja, nami hicho ndicho ningeuliza kwanza. Kama alama za uzito zinapanda mwezi hadi mwezi, mtoto anapata chakula cha kumtosha hata kibakuli kikirudi nusu. Zikilala miezi miwili au zikishuka, usinisubiri mimi, nenda naye kliniki. Vivyo hivyo akiwa na homa, akiharisha, au ukiona utando mweupe mdomoni usiofutika. Mtoto mwenye fangasi mdomoni kila kijiko kinamuuma, na nyumba nzima inasema ana deko.

Akiwa hana hayo, mimi mchaguzi simwoni. Namwona mtoto anayepewa kitu kile kile asubuhi, mchana na jioni, kitamu, chepesi, na kila mara kikija kinakuja na ugomvi. Tumbo la mtoto wa kilo nane linachukua kama robo lita kwa mlo. Ukilijaza uji wa kunyweka kwa kikombe, sehemu kubwa umemjaza maji, ameshiba kabla hajala. Kwa umri wake, ukiacha anachonyonya, anahitaji karibu kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, na akifika miezi tisa karibu 300. Uji mwepesi haufiki huko. Unatakiwa ule unaokaa kwenye kijiko ukikiinamisha.

Najua utasema mzito haumezi. Ndiyo maana kuna kimea. Sijui mama mkwe wako ni mtu wa wapi, lakini kama ni wa Songea au Iringa, hapa mwalimu ni yeye, kimea cha togwa anakijua toka utotoni. Loweka ulezi safi usiku mmoja. Asubuhi mwaga maji, ufunge kwenye kitambaa kibichi na uwe unaunyunyizia mpaka uchipue, siku mbili au tatu. Uanike ukauke kabisa, upukuse mizizi na machipukizi, upeleke mashineni ukasagwe. Wakati wa masika hapa Dar usijaribu kabisa, maana haukauki, na ukiona ukungu hata kidogo unatupa wote. Pika uji mzito, mzito hasa, uepue, upoe hadi vuguvugu, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kikombe cha uji. Dakika chache tu utauona unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji, kwa sababu kimea kinauvunja wanga. Urudishe motoni uchemke tena, ndipo umpe. Mtoto anameza kirahisi, na unga ule ule wote umo. Mpe mama mkwe kazi hiyo. Ukimkataza la pua bila kumpa la kufanya, ukipanda daladala tu anarudi kule kule.

Unga wa nafaka saba mimi siupendi, na najua wauzaji watanichukia. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vyote ni wanga, vikiwa vitano au kimoja mtoto anapata karibu kitu kile kile. Karanga zilizosagwa zikakaa kwenye mfuko kwa joto la Dar zinachacha upesi, na mtoto anaijua ladha hiyo kabla yako. Tena karanga na mahindi yasiyohifadhiwa vizuri huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Chukua unga wa nafaka moja, au mbili ukipenda. Karanga chagua mwenyewe moja moja, zilizosinyaa na zenye rangi mbaya tupa, kaanga, saga kidogo kidogo, uweke wakati wa kupika. Sukari acha. Haijamsaidia kula, umeshaona mwenyewe.

Kubwa zaidi ya uji ni madini ya chuma. Mtoto huzaliwa na akiba yake tumboni mwa mama, na akiba hiyo inapungua sana akifika miezi sita. Maziwa yako ni mazuri lakini chuma yana kidogo. Kwa hiyo yai mpe, la kuchemsha likaiva, limepondwa. Hakuna kitu ndani ya yai kinachochelewesha kusema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku, mama mkwe mwonyeshe hapa palipoandikwa. Kama mfuko hauruhusu nyama, dagaa wakavu wanatosha. Wakate vichwa, waoshe mpaka mchanga uishe, wakaushe, wakaange bila mafuta na uwasage. Weka kijiko cha unga wao kwenye boga lililopondwa na tui kidogo, au kwenye viazi, au maharage yaliyochujwa maganda. Kwenye uji usiweke, tafadhali. Uji mtamu wenye dagaa hata mimi ningetema. Siku ukipita Feri, changu mmoja aliyechemshwa na nyanya anatosha. Mchambue miiba kwa vidole, si kwa macho, uponde na ugali laini. Chai asipewe kabisa, hata ya maziwa, inazuia chuma kisifyonzwe mwilini.

Namna ya kumlisha sasa. Aketi wima, akutazame, awe na kijiko chake cha kuchezea, na ashike chakula kwa mkono hata kikiishia nywelini. Kazi yenu ninyi wakubwa ni kuchagua kinachopikwa na saa ya kula. Kiasi ni chake yeye. Akigeuza shingo ngojeni kidogo, mjaribu tena, akigeuza mara ya pili toeni chakula bila kusema neno. Nusu saa imetosha. Kwa sasa milo miwili au mitatu kwa siku, kuanzia miezi tisa mitatu hadi minne. Kitu kipya akikitema leo si kwamba hakipendi. Wapo wanaohitaji kukionja mara nane, kumi, hata zaidi, ndipo wakikubali, kwa hiyo boga la Jumatatu lirudi Alhamisi, kidogo, bila kubembeleza.

La mwisho, muulize dada kwa upole mchana anampa nini katikati. Biskuti mbili na maziwa ya ng'ombe saa tano, halafu uji saa sita, nani atakula? Usifoke, maana ukifoka utafichwa. Na wewe ukirudi usiku mnyonyeshe anavyotaka, hilo liendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

SWALI: Bibi, binti yangu ana mwaka na miezi minne. Anataka chipsi na juisi ya boksi tu. Akinyimwa analia mpaka majirani wanachungulia.
Baba wa Tabata

JIBU: Baba, mwenye umri huo haendi dukani mwenyewe. Juisi ya boksi ni sukari na inamuua hamu ya kula, itoke ndani ya nyumba leo, na ninyi wakubwa msiinywe mbele yake. Mpe maji kwa kikombe. Chipsi punguzeni kwa kuzichanganya na viazi vya kuchemsha, kila wiki za kukaanga zikipungua, na yai liwepo pembeni. Atalia siku kadhaa. Majirani wakichungulia, wakaribishe ndani.

SWALI: Mjukuu wangu ana miezi saba na anakohoa. Nimlambishe asali?
Bibi wa Kigamboni

JIBU: Hapana, bibi mwenzangu, mpaka atimize mwaka mmoja. Asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mkubwa linavimudu, la mtoto mchanga halivimudu, na vinaweza kumlegeza mwili mpaka kupumua kwake kukawa kwa shida. Anyonye mara nyingi zaidi, na akihema haraka mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.